Vilindo vya Ugogo na Sheria ya Vita

Siku ya 29 Julai 1916 jeshi la Waingereza, likiongozwa na Jenerali van Deventer, Kaburu wa Afrika ya Kusini, liliingia Dodoma likitoka Kondoa Irangi. Wadachi walikuwa wamekwisha kurudi nyuma. Reli ile iliyofika Dodoma mwaka 1910 ikawa sasa mikononi mwa wageni wengine, nao pia walitaka kula.

Labda mwanafunzi atauliza, Je, vitani mna sheria? Ndiyo, imo. Mwaka 1859 mfanya biashara wa Uswisi, jina lake Henry Dunant, alipita Solferino katika nchi ya Italia, akakuta maelfu ya askari majeruhi wamelala bila maji wala dawa. Akawasihi watu wa mji wa jirani wawauguze wote, wasiulize huyu ni wa upande gani. Kwa juhudi yake na wenzake, mwaka 1864 mataifa 12 yalipatana mjini Geneva: askari aliyejeruhiwa auguzwe, awe rafiki au adui, mganga asipigwe, na hospitali yenye bendera nyeupe na msalaba mwekundu isishambuliwe. Mapatano hayo yalitengenezwa upya mwaka 1906, na Waingereza na Wadachi wote wawili walifungwa nayo.

Lakini angalieni, sheria ile ilimtazama askari. Mgogo katika tembe lake, pamoja na ng'ombe zake na kilindo chake cha uwele, hakutajwa. Mapatano ya The Hague ya mwaka 1907 yalisema kwamba jeshi likiishika nchi ya adui, litwae chakula kwa kadiri ya uwezo wa nchi, nalo lilipe fedha au litoe hati ya deni. Hati haisagwi ikawa ugali.

Wadachi walitwaa nafaka na mifugo. Waingereza nao wakatwaa. Vijana wenye nguvu za kulima walichukuliwa kuwa wapagazi, na wengi hawakurudi, maana wapagazi waliuawa na kuhara damu, homa na njaa kuliko risasi. Mvua nayo ikawa mbaya. Ndipo ikaja njaa ambayo Wagogo waliiita Mtunya, kuanzia mwaka 1917 hata 1920. Yakadiriwa kwamba katika watu 150,000 wa Ugogo walikufa kama 30,000. Bunduki zilikuwa zimekwisha kuondoka Dodoma zamani.

Raia walipata mapatano yao wenyewe mwaka 1949, baada ya vita kuu ya pili, na hospitali zao zikalindwa pamoja nao. Tanganyika iliyaingia mapatano ya Geneva mwaka 1962, mara tu baada ya kupata uhuru. Mwaka 1977 iliongezwa kanuni inayokataza kuwaua raia kwa njaa, na kuharibu au kuondoa mazao, mifugo na visima vyao ili wakose riziki. Tanzania iliikubali mwaka 1983.

Hata hivyo kanuni hii yahusu zaidi yule atendaye kwa kusudi. Majeshi yaliyopita Ugogo hayakukusudia kuwaua Wagogo kwa njaa; yalikuwa yakitafuta chakula cha jioni.