Paka, Parasetamoli na Kitunguu

Huenda wengine watashangaa kuona ukurasa wa afya unazungumzia paka. Lakini huku kwetu Handeni na Korogwe, mahindi yakishavunwa na kuwekwa ndani, panya huyafuata, na familia isiyo na paka inajua taabu yake.

Tuanze na kosa letu wenyewe. Miaka iliyopita paka wetu alikuwa anachechemea. Kwa mazoea ya kazi tukasaga kidonge kimoja cha parasetamoli, tukamfungua mdomo, tukamnywesha. Baada ya saa chache uso na nyayo vikavimba, ufizi ukawa wa kahawia, akawa anahema kwa shida. Hakufika asubuhi.

Oksijeni hutupa uhai, lakini mwilini huacha pia chembechembe kali ziharibuzo, kama vile hewa inavyotia chuma kutu na kuchachisha mafuta. Vitu vinavyozizima huitwa antioksidanti: vitamini E, vitamini C, na glutathioni ambayo mwili hujitengenezea. Ini la mtu huibadili parasetamoli na kuitoa nje. Ini la paka halina uwezo huo wa kutosha. Dawa hugeuka sumu, sumu humaliza glutathioni, na damu iliyobaki bila mlinzi hushindwa kubeba oksijeni. Kidonge kimoja cha miligramu 500 chaweza kumwua.

Kitunguu hudhuru kwa njia hiyo hiyo, ila polepole. Kiwe kibichi au kimepikwa, huharibu chembe nyekundu za damu. Gramu 5 kwa kila kilo ya uzito wa paka zimeonekana kutosha; kwa paka wa kilo 3 ni gramu 15, yaani kipande tu. Sasa fikirini ule mchuzi tunaomwagia juu ya ugali wake! Akina mama, mtengeeni chake kabla ya kutia vitunguu. Kitunguu saumu nacho ni vivyo hivyo.

Wako pia wanaomlisha samaki wa mafuta mengi peke yake, siku hadi siku. Mafuta hayo huchacha upesi na kumaliza vitamini E. Mafuta yaliyo chini ya ngozi ya paka huvimba na kuwa manjano. Hupata homa, hukataa chakula, na akishikwa hulia. Watoto watasema paka amekuwa mkali. Si ukali, ni maumivu.

Ugali mtupu haumfai. Mwaka 1987 wataalamu wa Marekani walionyesha kwamba paka akikosa taurini, iliyomo katika nyama na samaki, moyo wake hudhoofika. Macho nayo huweza kupofuka. Mchicha na karoti tunazowahimizia watoto hazimpi paka vitamini A, kwani hawezi kuitengeneza kutokana na mboga. Vitamini C hujitengenezea mwenyewe; hapo ametuzidi.

Basi mpeni utumbo wa kuku uliochemshwa, samaki asiye na miiba, yai mara moja moja, na ini kidogo tu, maana likizidi mifupa ya shingo hukakamaa. Panya aliyemkamata ni chakula chema, mradi hamjaweka sumu ya panya. Akiugua, mwoneni bwana mifugo. Kama amemeza parasetamoli, nendeni saa ile ile, na mtaje dawa na saa aliyomeza, kwani iko tiba ya kurudisha ile glutathioni, nayo hufaa ikiwahiwa.