Tochi ya Kichwani: Tazama Saa Kabla ya Lumeni

Wengi wanaopanda Mlima Kenya huondoka kambi ya Shipton, mita 4,200 juu ya usawa wa bahari, kabla ya alfajiri ili wafike Point Lenana, mita 4,985, jua likichomoza. Tochi ikizima njiani, mpandaji hubaki gizani, kwenye mawe na baridi kali. Haya ni ya kuzingatia kabla ya kununua.

Kwanza, muda. Lumeni hupima wingi wa mwanga, si saa utakazodumu. Kwa kipimo cha FL1, saa zilizoandikwa kwenye pakiti huhesabiwa mpaka mwanga ushuke hadi asilimia 10 ya ule wa mwanzo. Saa za mwisho, basi, ni za mwanga hafifu.

Pili, betri. Baridi huzipunguzia nguvu. Beba za akiba katika mfuko wa ndani wa koti, karibu na mwili.

Tatu, mvua. Tochi yenye alama ya IPX4 hustahimili maji yanayoirukia kutoka kila upande. Ya IPX7 hustahimili kuzama mita 1 kwa dakika 30.

Waendesha baiskeli wakumbuke kwamba tochi hii hugeuka pamoja na kichwa, na dereva anayetoka nyuma haioni. Baiskeli bado inahitaji taa nyeupe mbele na nyekundu nyuma.

Ukishanunua, ijaribu nyumbani: iwashe kwa saa zote utakazoihitaji safarini, uone kama itafika.