Vimiminika: Athari ya Mpemba

Mwanafunzi, mwaka 1963 Erasto Mpemba, akiwa kidato cha tatu Magamba, aliweka maziwa ya aiskrimu kwenye friza yakiwa bado ya moto. Yaliganda kabla ya maziwa ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Mwalimu alimwambia amechanganyikiwa, lakini hakuliacha swali lake. Baadaye, akiwa Mkwawa, alimuuliza Profesa Denis Osborne wa Dar es Salaam. Osborne alipima kwa maji, na mwaka 1969 wakachapisha matokeo pamoja.

Miongoni mwa sababu zinazotajwa ni hizi: uvukizaji hupunguza maji ya moto, na mzunguko wa maji chomboni hupeleka joto juu. Hata hivyo, mjadala haujaisha. Mwaka 2016 watafiti nchini Uingereza walirudia vipimo bila kuiona athari hiyo.

Zoezi: Muuza barafu wa Ukonga anataka kuokoa umeme wa LUKU. Je, achemshe maji kwanza? Panga jaribio.

Dokezo: Tumia vyombo na ujazo sawa, badilisha jotoridi la mwanzo pekee. Kumbuka, maji ya moto yana joto zaidi la kuondolewa, na mkaa nao hununuliwa.