KIPEPEO MWENYE MAVAZI MENGI

Mtu akipita kando ya msitu wa Usambara jua likiwa limepanda, huenda akamwona kipepeo mkubwa wa rangi ya manjano iliyofifia. Kingo za mabawa yake ni nyeusi, na kila bawa la nyuma lina mkia. Kwa sababu ya mikia ya namna hiyo watu wa Ulaya waliipa jamii yake jina la mbayuwayu, maana mkia wa ndege huyo umegawanyika. Jamii hii ina aina zaidi ya 500 duniani, wala si zote zenye mikia. Huyu tunayemsoma leo wataalamu humwita Papilio dardanus.

1. Dume na majike

Yule wa manjano ni dume. Je, jike wake ni yupi? Swali hili liliwasumbua wataalamu siku nyingi. Vipepeo wa manjano waliokamatwa bara Afrika walikuwa madume. Tena walikuwako wengine wasio na mikia: hawa weusi wenye mabaka meupe, hawa weusi wenye madoa ya manjano, na hawa wa rangi ya chungwa wenye ncha nyeusi, nao walikuwa majike. Wakapewa majina mbalimbali, kana kwamba ni wageni wao kwa wao. Mwaka 1869 Roland Trimen, aliyekaa Cape Town, aliandika ya kuwa wote ni aina moja. Wengine walikataa kabisa. Lakini baadaye mayai ya jike mmoja yalitunzwa mpaka vipepeo wakatoka, na katika watoto wa mama mmoja wakaonekana madume wa manjano pamoja na majike wenye mavazi mengine. Basi ubishi ukaisha.

2. Sababu ya mavazi hayo

Wako vipepeo ambao viwavi wao hula mimea yenye utomvu wa sumu. Sumu hiyo hukaa mwilini hata kiwavi ageukapo kuwa kipepeo. Ndege akimwonja mmoja huona ubaya wake, na tangu hapo hujiepusha na rangi ile. Jike wetu hana sumu, lakini amevaa rangi za wenye sumu, naye ndege humwacha apite. Mengi ya mavazi hayo hufuata kipepeo fulani mwenye sumu.

Hata hivyo ulinzi huu una mpaka. Waigaji wakiwa wengi mno kuliko wenye sumu, ndege huonja walio watamu, na rangi ile haimtishi tena. Kisiwani Bukini, yaani Madagaska, majike hawaigi. Wana rangi ya manjano na mikia kama madume.

3. Makao yake

Jike hutaga yai moja moja juu ya majani ya miti iliyo jamaa ya mchungwa. Kiwavi aliyekua ni wa kijani kama jani. Akiguswa hutoa nyuma ya kichwa pembe mbili laini zenye harufu kali. Dume hurukaruka mahali peupe ukingoni mwa msitu. Jike hupenda kivuli cha vichaka.

Basi jike huyu ahitaji mti wa kulisha watoto wake, maua ya kumlisha mwenyewe, na pia jirani mwenye sumu, ambaye naye ana mimea yake. Mtu akifyeka mimea ile ya utomvu akidhani ni magugu tu, huenda akamwondolea jike ngao yake pasipo kumgusa. Tuangalie kwanza, ndipo tufyeke.

Maswali ya kujifunza

1. Kwa nini rangi haikutosha kuonyesha ukoo wa vipepeo hawa? Ni jambo gani lililouonyesha?
2. Ngao ya jike hushindwa lini?
3. Karibu na kwenu kuna mimea gani yenye utomvu mweupe? Waangalieni viwavi walio juu yake kabla ya kuing'oa.