Lango la Kutambua Metali Hupimwaje?

Abiria atokaye Kizota, kabla ya kupanda ndege katika Kiwanja cha Dodoma, hupita lango la kutambua metali. Lango hutoa uga wa sumaku; metali ikipita, mkondo mdogo wa umeme huzuka ndani yake, nalo hulia.

Ubora wa lango hupimwa kwa kipande maalumu cha majaribio. Mpimaji hukificha kwapani, kiunoni, kisha kwenye kifundo cha mguu, na kupita kila mara. Likinyamaza hata mahali pamoja, lazima lirekebishwe. Lakini likilia kwa kila kifungo, foleni hurefuka na mkaguzi huzoea kuipuuza sauti yake. Hapo silaha yaweza kupenya.

Lango halitambui vilipuzi visivyo na metali. Ndiyo maana mizigo hupitishwa kwenye eksirei, na abiria aweza kupapaswa.

Zingatia:
1. Toa funguo, simu na mkanda mapema.
2. Mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo amweleze mkaguzi kabla ya kupita.
3. Ukipapaswa, omba mkaguzi wa jinsia yako.

Mlio wa lango si shutuma. Ni ombi la kukaguliwa tena.