SOMO LA WANAKWAYA: KUWEKA ALAMA NDANI YA WIMBO

Somo hili ni la wapiga kinanda na walimu wa kwaya, ila waimbaji nao wasome, maana sauti zinazochoka ni zao.

Tunaliandika kwa sababu kambini watu huondoka. Leo ndugu anapiga; kesho jina lake liko ubaoni, familia imepata safari ya kwenda nchi nyingine. Wimbo unabaki ndani ya kinanda bila mtu anayejua kiitikio kinaanzia wapi. Basi kila zoezi linaanza mwanzo kabisa, na betri ya sola inakwisha kabla ya ubeti wa tatu.

Sikwensa ni sehemu ya kinanda, au mashine ya peke yake, inayotunza maagizo: noti gani, lini, kwa nguvu gani. Haitunzi sauti yenyewe kama kaseti. Ndiyo maana inaweza kuruka mara moja hadi mahali palipowekwa alama. Yamaha Tyros2 cha mwaka 2005, kwa mfano, kina vitufe vinne vya kazi hiyo, SP1 hadi SP4. Vinanda vingine havina. Hapo mtatumia namba ya hatua.

Hesabuni kwa hatua, si kwa dakika. Wimbo wa mapigo manne, mwendo wa 120, hufika mwanzo wa hatua ya 33 baada ya sekunde 64. Mkipunguza mwendo hadi 96 kwa ajili ya wazee, hatua hiyohiyo hufika baada ya sekunde 80. Dakika zimehama, hatua haikuhama.

Tena, alama isiwekwe pale pale sauti zinapoingia. Kiitikio kikianza hatua ya 33, wekeni alama 31, ili waimbaji wasikie ufunguo na kuvuta pumzi.

Sasa jambo linalowasumbua wengi. Mnaruka katikati ya wimbo, na mahali pa ogani inalia filimbi. Kinanda hakijaharibika! Agizo la kuchagua ogani liliandikwa hatua ya kwanza, nanyi mmeliruka. Mashine nyingine hurudi zenyewe kutafuta maagizo ya nyuma, nyingine hazifanyi hivyo. Dawa ni kuandika tena agizo la ala, na la ukubwa wa sauti, kwenye hatua ya alama, kabla ya noti ya kwanza. Ni kazi ya uvumilivu, na Kenania alisimamia nyimbo kwa kuwa alikuwa stadi (1 Nya. 15:22).

Mkiongeza hatua nne za utangulizi, kagueni kila alama. Kwenye mashine nyingine muziki husogea na alama hubaki nyuma. Kisha hifadhini wimbo kwenye diski au flashi kabla ya kuzima.

Faili la MIDI linaweza kubeba alama pamoja na majina yake, lakini si kila kinanda huzisoma. Kwa hiyo kila wimbo upewe ukurasa katika daftari la kwaya: ufunguo, mwendo, namba ya kila alama na jina lake. Andikeni "kiitikio cha pili, soprano peke yao", msiandike "pale pazuri", kwani atakayelifungua daftari huenda bado hajafika kambini. Daftari likae kwa katibu, si kwa mpiga kinanda.