Kuhamisha kanzidata kuukuu

Swali: Chama chetu cha akiba na mikopo hapa Ilomba, Mbeya, kinatumia MySQL 5.5 tangu 2012. Tukihamia 8.4, tujihadhari na nini?

Jibu: Upandishaji wa papo hapo hauruki matoleo: mtapitia 5.6, 5.7 na 8.0. Lakini mkikwama njiani mtajua. Ninachokiogopa zaidi ni taarifa zinazovuka salama huku maana yake imepotea. Tarehe za kuzaliwa zilizojazwa sifuri tupu hukataliwa tangu 5.7, msipobadili mipangilio. Fundi mwenye haraka akiweka 1900 badala yake, mwanachama kijana anageuka mzee wa zaidi ya miaka 120. Aliyeandikishwa Mbozi, mkoa wa Mbeya, leo yuko Songwe, mkoa ulioanzishwa 2016. Makete nayo ilitoka Iringa ikawa Njombe mwaka 2012. Hapo kompyuta haitaonya kitu.

Wapo watakaosema kinachofanya kazi kisiguswe. Hoja hiyo ingekuwa na nguvu kama 5.5 isingeacha kupata marekebisho ya usalama Desemba 2018. Fedha za watu haziachwi wazi hivyo. Hamisheni nakala kwanza, mlinganishe salio la kila mwanachama, na mfumo wa zamani msiuzime kabla hesabu hazijakubaliana.